Mnofu wa Upande wa Pili

Kisiwani hakuna tena nyumba yenye jiko. Bangili ya mkononi ndiyo inayompangia kila mtu mkahawa na chakula chake. Kwa miaka mitatu Bi Mwanahija alikula bandarini, na mumewe Shee, kwa ajili ya presha, upande wa pili wa mji.

Leo bangili ziliwapangia sinia moja. Bi Mwanahija alijifukiza udi kama anayekwenda harusini. Walipokaa, akatoa miiba ya samaki, akamsukumia mumewe mnofu, kama alivyomzoesha tangu ujana.

"Kula, Baba Zuhura."

Bangili ya Shee ikalia kidogo. Taratibu, bila kuinua macho, akaurudisha mnofu upande wa mkewe.

"Huo ni wako," akasema. "Wangu umeshapimwa."