Mti wa Mgeni Rasmi

"Ng'oa huo, mgeni rasmi apande wake!" alifoka ofisa wa mji.

Binti aitwaye Sikudhani hakuinama kuung'oa. Mwarobaini ule aliupanda mgeni wa mwaka jana, akapigwa picha, akaenda zake. Sikudhani na vijana wenzake waliojitolea kuitunza bustani ndio walioumwagilia kiangazi kizima, hadi ukamfika kiunoni.

"Binti, husikii? Shimo ni hilo hilo, mbele ya jukwaa!"

"Nasikia, mzee. Mti haung'olewi."

Gari likasimama. Mgeni akashuka akitabasamu, mikono tayari kupokea mche. Sikudhani akamkabidhi ndoo iliyojaa maji.

"Shikamoo, mheshimiwa. Wa kupanda tunao tele. Wa kumwagilia ndio adimu."

Wapiga picha wakasogea. Ndoo ikaanza kuvujia viatu vyake vya kung'aa, naye akabaki ameishika, akiutazama mti.