Funguo za Kocha

Zilibaki dakika nane, na timu ya shamba la ngano ilikuwa inaongoza kwa bao moja. Kocha Qamara aliichezea mpaka goti likamkatalia, akaifundisha miaka tisa, na kombe hakuwahi kulishika.

Wingu zito lilikuwa linateremka Mlima Hanang. Ngano iliyokauka bado ilikuwa imesimama shambani. Ikilowa, itachipua kwenye masuke na kuharibika. Madereva wote wa mashine za kuvunia walikuwa uwanjani wanacheza. Funguo zao, zilizofungwa pamoja kwa kamba ya kiatu, zilimlemea Kocha mfukoni.

"Kocha, usiangalie juu!" nahodha alimsihi. "Tukitoka sasa, kombe ni lao."

"Nimeshaangalia, mwanangu."

Akaingia uwanjani akichechemea, akafungua fundo kwa meno, akamkabidhi golikipa ufunguo wa kwanza.