Kaniki ya Mwana Hija

Kafumua tena! Mwanamkasi alisimama katikati ya ukumbi, gauni mkononi, machozi ya hasira yakimlenga. Pindo lote limeachia, na mabegani pameshonewa ukaya mweupe, ule wa kujitandia waungwana.

"Bibi! Ni wewe tena?"

Bibi Mize alikuwa akichagua mchele ungoni. Hakuinua hata uso. "Nimelitengeneza."

Lo, uzee gani huu wa kukomoana! Na basi la Dar linaondoka asubuhi hiyo hiyo. Huko kwenye maonyesho ya mitindo, mafundi wa mjini walikuwa wameshona mavazi ya malkia wa kale wa Afrika, hariri na nakshi tupu. Mwanamkasi yeye alitaka kumuenzi mama yake Bibi Mize, Mwana Hija: kaniki nyeusi ya kitumwa, kichwa wazi, miguu mitupu, na kiunoni mnyororo.

Mnyororo wenyewe aliukuta stoo, chini ya magunia ya korosho, umeshika kutu. Alipouliza ni wa nani, Bibi Mize alijibu, "Wa mama yangu," akaenda zake jikoni. Mwanamkasi alilia siku ile. Kumbe damu yao ni ya utumwani, na hakuna aliyethubutu kusema! Ndivyo walivyo watu wa pwani: kila mtu babu yake katoka Shirazi, mtumwa hana mjukuu.

"Hodi! Shikamoo, Bibi." Dija huyo, binti wa nyumba ya pili, ndiye wa kulivaa gauni jukwaani. Marehemu bibi yake alikulia humu humu ndani pamoja na Bibi Mize.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu Bibi Mize, sauti ikififia.

Mwanamkasi aliung'oa ukaya, akapiga pindo harakaharaka, akamvika Dija. Kisha akamzungushia mnyororo kiunoni. Uzuri ulioje! Hata Dija mwenyewe alinyoosha shingo.

Ungo ukaanguka, mchele ukatapakaa sakafuni.

"Mvue!" alipiga ukelele Bibi Mize. "Vaa wewe! Mvike mwingine yeyote, si huyu!"

"Bibi, nimechoka!" Mwanamkasi alishindwa kujizuia. "Miezi yote nashona, wewe unafumua! Mama yako kateswa, nami nataka dunia imjue, wewe unamfunika kwa ukaya! Zama hizi bado unaona haya kuzaliwa na mtumwa?"

"Haya ninayo," alisema Bibi Mize, "lakini si hiyo."

Akajikongoja hadi kwa Dija. Akaanza kuufungua mnyororo, bila kumtazama msichana usoni.

"Mnyororo ni wa mama, sikukudanganya," alimwambia Mwanamkasi. "Aliyekuwa akifungwa nao ni bibi yake Dija."