Mtani wa Mlali

Mzee Severin aliizunguka Land Rover ya kijani, akaipapasa bampa ya mbele, kisha akapanda kiti cha abiria bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mzee," alisema Luqmani, dereva.

"Shikamoo yako ipeleke kwenu. Endesha."

Luqmani alicheka. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na hapa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, alijua yuko kwa watani zake. Mzaramo na Mluguru hawaanzi kwa salamu, wanaanza kwa matusi, na anayenuna ndiye mshamba. Asubuhi nzima alikuwa roho juu, lakini tusi lile lilimchangamsha.

Roho juu ilikuwa na sababu. Nyuma alibeba maji ya wakimbiaji mia mbili waliokuwa wakipanda mlima kwa njia za miguu tangu alfajiri. Kituo cha maji kilikuwa juu huko, kupita Nyandira, na alitakiwa afike kabla ya saa tano. Mwaka jana alichelewa, msichana mmoja akazimia kwa kiu, na Yasmin, mwandaaji wa mbio, hakumficha: ukichelewa tena, namba yangu ifute. Sasa mvua zilikuwa zimekata barabara, ikabidi achukue mwenyeji wa kumwonyesha njia za panya. Mwenyeji aliyejitolea ndiye huyu, mwenye rozari shingoni na uso wa kuharibia mtu siku.

"Weye Mluguru, barabara hii mmeilima mpande viazi?" Luqmani alichokoza, gari likirukaruka kwenye mawe.

"Barabara haina kosa. Wenye kosa ni wapitaji."

"Haya! Ongeza nyingine."

"Ningekuwa na nguvu ningekusukumia korongoni na gari lako hili."

Luqmani alipiga honi kwa furaha. Watani wengi wa siku hizi wanatukana kivivu, wamalize waombe sigara. Huyu alitukana kwa moyo wote, wala hakutabasamu, na huo ndio utani wa wakubwa.

"Ukifa, nitakuja kulala kaburini mwako," alimjibu. "Hawakuziki mpaka wanipe jogoo."

"Kwani nyinyi mazishini huwa mnakuja?"

"Watani? Sisi ndio wa kwanza!"

"Sikukuona."

"Wapi?"

"Kata kushoto."

Njia ya kushoto ilikuwa tope tupu. Gari lilizama mara mbili, na mara zote mbili mzee alishuka, akapanga mawe chini ya tairi kwa mikono yake, akarudi kukaa. Luqmani alitaka kumshukuru, akakumbuka kwamba mtani hashukuriwi. Akamwambia ananuka tope. Mzee akajipangusa mikono kwenye suruali, akatazama mbele.

Walipotokea tena barabara kuu, kwenye kona iliyobanwa na bonde, mzee aliinua kiganja.

"Polepole hapa. Mwaka jana, siku ya mbio, ulipita?"

"Nilipita? Niliruka!"

Kisa kile Luqmani hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Kilimkaa kifuani mwaka mzima, usiku mwingine kikimnyima usingizi, na aliogopa sana kukitamka. Lakini mbele ya mtani hakuna jambo zito, kila kitu ni cha kuchekwa. Kikamtoka.

"Palikuwa na Mluguru mwenzako hapahapa, mama mmoja, kikapu kichwani, katikati ya barabara utadhani kaijenga yeye. Na mimi nimechelewa! Nikampitia na bampa. Kikapu kule, mama kule, maharage yakaninyeshea mpaka kwenye kioo. Nikasema, haya, Waluguru wamepungua mmoja!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akajisikia mwepesi, mwepesi kuliko siku zote za mwaka ule.

"Alinyanyuka?" mzee aliuliza.

"Sikugeuka nyuma. Si nimekwambia nilichelewa?"

Mzee Severin alishika rozari yake, akaitazama kona mpaka ikaisha.

"Endesha," alisema. "Leo hutachelewa."

Na kweli, saa nne na nusu walikuwa kituoni. Yasmin alikuwapo, na mwenyekiti wa kijiji, na askari wawili waliokuja kulinda mbio, na akina mama waliouza viazi vya kuchemsha. Katoni zilishushwa haraka. Wakimbiaji wa kwanza walipochomoza kwenye mgongo wa mlima, miguu imejaa tope, walikuta maji yanawasubiri. Yasmin alimpa Luqmani mkono, akamwambia mwakani kazi ni yake.

Luqmani alimkumbatia mzee mabegani, akamvuta mbele ya watu.

"Bila huyu nisingefika! Jamani, mna mtani hapa, ana matusi ya kwenda nayo shule!"

"Waeleze basi," alisema mzee. "Ile ya kikapu."

Kwa furaha aliyokuwa nayo, angewaeleza chochote. Alieleza kwa sauti na kwa mikono: kona, bampa, kikapu kule, mama kule. Alipofika kwenye maharage alijikuta anacheka peke yake. Akina mama walikuwa wameweka chini sufuria zao. Askari mmoja alikuwa ameshachomoa ufunguo wa Land Rover, wa pili amesimama nyuma ya Luqmani.

"Mbona mnanuna? Si utani tu huu?" Alimgeukia mzee. "Mtani wangu, hebu waambie!"

"Mimi Mkinga wa Makete," alisema Severin. "Mluguru alikuwa mke wangu."