Kidonge cha Tano

Kilicholia kwanza ni kalamu.

Mama Risasi alikuwa akipita mapokezi ya hospitali na kipimo cha mionzi mkononi, kama afanyavyo kila Jumatatu asubuhi, mara kikaanza kulia. Alidhani ni betri. Akarudi nyuma hatua mbili, kikanyamaza. Akaisogelea meza, kikaja juu tena hadi wagonjwa kwenye benchi wakageuza shingo. Ilikuwa ile kalamu ya bluu ya kuandikia majina ya wageni, iliyotafunwa kichwani hadi ikakwisha sura.

"Jamani, siku hizi hata kalamu zinaumwa?" alitania dada wa mapokezi, rafiki yake kwa miaka tisa sasa.

Kalamu na dawa ya mionzi, wapi na wapi? Dawa zile hazivuki mlango wa chumba cha ndani, na ufunguo wa mlango huo unaning'inia shingoni mwa mtu mmoja tu, Mama Risasi. Ndiyo maana wenzake walimbandika jina lile: dawa zake hukaa ndani ya makopo mazito ya madini ya risasi, yanayozuia mionzi, na yeye huyalinda kama kuku na vifaranga vyake.

Daktari mkuu alimwita pembeni.

"Iodini, ile dawa yako ya mionzi, imetoka. Sijui imetokaje, ila mwenye ufunguo ni wewe. Mpaka saa tisa uniambie, la sivyo ufunguo uuweke mezani kwangu."

"Daktari, miaka kumi na minne niko hapa!"

"Na wiki iliyopita mumeo katibiwa hapa hapa. Labda umetuletea wewe kutoka nyumbani."

Hilo lilimchoma. Mumewe alimeza kidonge chake Jumanne, cha kutibu tezi ya shingo, na siku ile ile watoto wakapelekwa kwa bibi yao. Mume akaachiwa chumba cha uani, na sahani yake, kikombe chake, kitanda chake. Masharti alisomewa na mkewe mwenyewe: wiki mbili asimkaribie mtu, maana dawa hutoka kwa jasho na kwa mate. Kila jioni Mama Risasi alimwekea chakula mlangoni, akarudi hadi ukutani, wakaongea kwa mbali kama wapita njia. Hata mkono hakumpa. Ndoa ya miaka kumi na miwili!

Akafungua daftari la dawa. Vidonge vitano vya iodini viliingia, vitano vikatoka, kila kimoja na jina, saa na sahihi. Vinne walimeza wagonjwa waliolazwa, na wote bado wamo wodini, nyuma ya mlango wa chuma. Cha tano ni cha mumewe, alichokimeza mbele ya macho yake kwa glasi mbili za maji. Hakikupotea hata kimoja.

Basi ni nani anayemchimba? Alimfikiria mfamasia, aliyewahi kuutolea macho ule ufunguo. Roho ilimuuma. Mtu wa humu humu ndani, anayemwamkia kila siku na meno yote nje, ndiye anayetaka kumharibia jina!

Dada wa mapokezi akaja na vikombe viwili vya chai, kimoja chake, kimoja cha rafiki yake.

"Usilie, mwaya. Mimi nitakusimamia mbele ya daktari. Hata nilivyokuwa nyumbani na mafua, Alhamisi na Ijumaa, nilikuwa nakuwaza wewe na mgonjwa wako. Shemeji naye vipi? Bado anasikia ladha ya chuma mdomoni?"

"Anaendelea vizuri," alijibu, macho kwenye daftari.

Saa nane alianza upya, pole pole, sakafu hadi dari. Sakafu, kimya. Benchi, kimya. Kitabu cha wageni, kimya. Kalamu, katikati ilinong'ona tu. Lakini pale kichwani, palipotafunwa, kipimo kilipiga kelele. Akakipeleka kwenye kikombe cha rafiki yake. Chini, kimya. Ukingoni, kikalia.

Ufunguo na daktari vyote vikamtoka akilini.

"Dada, umekula nini? Umeokota kitu humu ndani? Sema tu, hakuna atakayekufokea."

"Mimi? Chumba chako sijakikanyaga mwaka mzima."

"Iodini ikiingia mwilini hukimbilia shingoni. Hebu inua kidevu."

"Acha bwana, watu wanaangalia." Alivuta mtandio wake juu.

"Inua, tafadhali. Nakuogopea."

Alimshusha mtandio kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama amvuliavyo mwanawe mwenye homa. Kipimo kilipiga kelele hadi daktari mkuu akatoka ofisini mbio.

"Huyu kaipata wapi?" aliuliza. "Wa wodini hakuna anayewafikia. Kamkaribia mgonjwa gani?"

Dada wa mapokezi alikuwa akitazama viatu vyake. Hakuinua uso.

Mama Risasi aliusogeza ufunguo kando, akakigeuza kipimo, akakiweka kwenye shingo yake mwenyewe, shingo ya mke.

Kimya.