Picha ya Pofu

Tumsifu, muuza dawa wa makamo, alikuwa ameua mnyama kwa mara ya kwanza maishani. Pofu, swala mkubwa kama ng'ombe, alilala ubavu, ulimi nje, nzi wameshaujaa.

Ndalahwa, mwindaji aliyemfundisha kulenga, alichomoa kisu, akaukata ulimi na kuutupa majanini.

"Sasa anapendeza," alisema, akiinua simu yake. "Shika pembe, bosi. Tabasamu."

Tumsifu alipiga magoti, akashika pembe. Harufu ya damu ilimjaa kooni. Alifungua mdomo atabasamu, akatapika juu ya shingo ya mnyama.

"Wote huanza hivyo," Ndalahwa alicheka. "Nawa, tupige nyingine."

Tumsifu hakunyanyuka. Alivua shati lake jipya la kuwindia, akaanza kuifuta shingo ya pofu taratibu, kama anamwosha mgonjwa, na simu ya Ndalahwa haikuacha kupiga picha.