Baraka ya Shangazi

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na Dokta Sironka alikuwa amewaka.

"Vitabu vya shule vinasema msitu wetu huu ulikuwa mtupu! Sisi tulikuwa nani, nyani?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Alitaka kuandika historia ya nchi kama wazee wa kwao wanavyoisimulia, ila bila baraka hakuna mzee ambaye angemfungulia mdomo. Basi shangazi yake, Nolari, akapanda jukwaani, akamshika kichwa, akamtemea mate usoni, pyuu! Kwao ndiyo baraka yenyewe.

Dokta akatoa leso, akajipangusa. Hakufikiria hata, mkono ulijiendea tu.

"Ameyafuta!" mama mmoja akasema. Mwingine akadakia, "Anaona kinyaa! Ametuzoea vitabuni huyo."

Dokta akamgeukia Nolari.

"Shangazi, nisamehe. Nitemee tena."

"Kwani mimi bomba, baba?"

Hakuna aliyecheka. Dokta akapiga magoti na suti yake mbele ya kamera za televisheni, akainua uso, akafumba macho. Nolari alisimama palepale mbele yake, midomo ameibana, hatemi.